Wamezikata Nondo Zangu

Ukitaka kujua ni nani hapa Dar es Salaam bado ana matumaini, inua macho utazame mapaa. Nyumba imekwisha zamani, imepakwa rangi, watoto wamekulia humo na wengine wameshaolewa, lakini pale juu kwenye slabu nondo zimechomoza kila kona, nyingine zimevikwa chupa tupu za maji eti zisishike kutu. Ukimuuliza mwenye nyumba, atakwambia ghorofa inakuja. Nami nilikuwa katika kundi hilo la waungwana. Nondo zangu zilikuwa nene, milimita 16, za enzi ambazo mtu wa mshahara aliweza kuingia dukani kununua chuma akatoka na nauli ya kurudia. Ndugu walipokuja sikukuu walitazama juu wakauliza, "Vipi mzee, tunapandisha lini?" Nikajibu, "Mungu akijalia." Mazungumzo yakaishia hapo, heshima ikabaki.

Kisha mama watoto akaanza kutazama video kwenye simu. Humo kuna watu wa Dubai na Ulaya wamekaa juu ya mapaa yao, wamevaa nguo nyeupe, chini kuna sakafu ya mbao nyororo, pembeni vyungu vya maua, na hakuna hata mmoja anayetoka jasho. Nilimwonyesha hilo la jasho. Hakulijali. "Baba watoto," akasema, "sisi pale juu tunaanika nguo tu, na tangi limekaa peke yake." Nikamwuliza tangi linahitaji mwenzake wa nini. Wiki hiyo hiyo tulikuwa Kariakoo.

Mbao zenyewe si za mti mmoja. Ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, ndugu yake na ile ya madumu, vikapashwa moto na kukamuliwa kwenye tundu la mashine kama tambi. Mwisho unapatikana ubao wenye mistari ya mti ambao haujawahi kuota mahali popote duniani. Wamarekani ndio walioanza kuziuza kwa wingi miaka ya 1990, siku hizi zinatoka China kwa makontena. Nchi hii ina mninga, ina mkongo, ina misaji ya kupandwa kule Kilombero na Muheza, na mimi nimesimama dukani nauziwa unga wa mbao uliovuka bahari.

Muuzaji, kijana mwenye kalamu sikioni, alikuwa na majibu yote. "Mzee, hii WPC hailiwi na mchwa, haiozi, haitaki vanishi. Ukiweka umeweka." Akamwaga maji juu ya kipande cha mfano akayafuta kwa kiganja, mama watoto akapumua kwa furaha. Nikauliza bei. Alipoitaja nilidhani ni ya kazi nzima, nikaanza hata kutoa pochi. Kumbe ni ya mita moja ya mraba, na klipu zake hazimo.

Lakini bei husahaulika. Kilichonizeesha ni fundi.

Alipanda na drili begani. Si mbao, si tepu, si pima maji: drili. Nikamsimamisha ngazini nikamwuliza anaenda kutoboa nini. "Tunatoboa slabu, mzee, tunafunga fremu kwa skrubu, tunaziba na silikoni." Silikoni katika nchi hii inatibu kila maradhi. Nikamkumbusha kwamba slabu ile imevikwa shuka la lami, lile linalobandikwa kwa moto wa gesi, na kwamba shuka hilo ndilo peke yake linalozuia mvua isishukie kitandani kwangu. Dar es Salaam hupata kiasi cha milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu lina mita za mraba 80, kwa hiyo kila mwaka lita 88,000 hupita juu ya kichwa changu zikitafuta tundu, na yeye anataka kuzitobolea matundu mia mbili. Akanitazama kwa huruma. "Mzee umesoma sana," akasema.

Dawa ipo na haina uchawi. Kuna miguu midogo ya plastiki, mipana chini, yenye uzi wa kuzungusha ili ipande au ishuke. Unaipanga juu ya slabu bila kutoboa kitu, unalaza fremu juu yake, kisha mbao. Uzito wa sakafu ndio unaoishikilia yote. Fundi aliupokea mguu mmoja, akaugeuzageuza, akaunusa, akatoa hukumu: "Hii ni ya kabati."

Tukaingia kwenye mteremko. Paa bapa la kueleweka halilali bapa kabisa, lina mteremko mdogo wa kupeleka maji kwenye bomba, tuseme sentimita moja na robo kwa kila mita. Ndiyo maana miguu ile inazungushwa: upande wa bomba mirefu, upande wa pili mifupi, juu sakafu inakaa sawasawa na chini maji yanaendelea na safari yake. Fundi aliweka pima maji juu ya slabu, kitone cha hewa kikakimbilia pembeni, uso ukamng'aa. Alikuwa amegundua kosa la mwenzake! "Waliomwaga zege hapa walikuwa wamelewa," akatangaza, na kabla sijafungua mdomo alishampigia msaidizi wake simu alete mchanga na saruji ili asawazishe. Mchanga ulifika hadi getini. Naona aibu kuandika maneno niliyotumia kuurudisha.

Fremu nayo ikawa kesi. Alitaka mbao za msonobari, mbili kwa mbili, kwa sababu "zinashika skrubu vizuri". Nikamwuliza: tumenunua sakafu isiyooza kwa pesa ya kuuza shamba, halafu tuilaze juu ya msonobari utakaoloana kila masika? Mbao za juu zitakuwa mpya kabisa siku watu watakapozikuta zimelala chini pamoja na wageni. Tukachukua fremu za alminiamu. Mama watoto alisema nina ubishi. Alisema hivyo mbele ya fundi, na tangu hapo fundi akawa anamuuliza yeye.

Lakini hakuna kilichomtesa maskini yule kuliko mianya. Mbao hizi zinanenepa na kurefuka zikipata jua. Ubao wa mita tatu unaweza kuongeza milimita nne au tano kati ya alfajiri na saa nane mchana, kwa hiyo kila kichwa cha ubao lazima kiachiwe nafasi ya kupumulia, na kando ya ukuta vilevile. Usipoacha, zinasukumana mpaka zinainuka katikati. Fundi wetu alifundishwa na mwalimu wake kwamba mwanya ni uvivu. Nikigeuka tu, nasikia nyundo: ko, ko, ko, anazibananisha. Nikirudi anajitetea kwa uchungu wa kweli. "Mzee, watu wakija wakiona uwazi huu watasema kazi hii imefanywa na nani? Mimi nina jina mjini." Nikamwambia jina lake nitalilinda mimi mwenyewe, aache milimita tano. Akaacha tatu. Usiku nilipanda na tochi kupima.

Katikati ya hayo yote jirani yangu, mstaafu mwenye nyumba ya kisasa, akaja kutazama, akatamani, akamtaka fundi aende akapime na kwake. Nyumba hizi mpya za mtaani kwetu kwa nje zinaonekana zina paa bapa, kumbe bati limefichwa nyuma ya ukuta. Fundi alikuwa tayari kwenda kuweka dekingi, yaani sakafu hii ya mbao, juu ya bati. Mke wa jirani ndiye aliyeinusuru familia ile.

Zikabaki nondo.

Nilishajua siku hiyo inakuja, nikawa naikwepa. Nilipendekeza sakafu izizunguke. Nikapendekeza ziwe nguzo za kufungia taa. Mama watoto akasema wazi kwamba hawezi kumkaribisha mama yake kunywa chai katikati ya nondo. Grainda ikawashwa, cheche zikaruka hadi kwenye tangi, na chuma kikaanguka kipande kimoja kimoja. Mnunua vyuma chakavu alikuwa getini na mizani yake kabla grainda haijapoa. Nani alimwita? Mpaka leo hakuna aliyekiri. Alizipima nondo zangu kwa kilo, akanipa pesa isiyotosha kununua hata klipu za safu moja, akaondoka nazo kwenye mkokoteni akipiga mluzi.

Mkiniona mkaidi, sikilizeni nililomweleza mama watoto bila mafanikio. Mapaa bapa hayakuletwa pwani hii na simu. Nyumba za mawe za Lamu na miji mingine ya Waswahili zilikuwa nayo karne nyingi zilizopita: boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa iliyopondwa hadi ikakaza. Chumba kilikuwa chembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana. Na paa lile lilichoka, likavuja. Watu wa Lamu hawakuagiza kontena. Walisimamisha nguzo juu yake, wakaezeka makuti, wakapata kivuli, upepo na usingizi wa mchana. Makuti yapo hadi leo. Nilipolileta wazo hilo mezani nikajibiwa kwamba makuti ni ya hoteli na yana mijusi. Sawa. Mijusi bado tunayo, imehamia chini ya dekingi, na usiku inatucheka.

Kivuli ndicho kilichosahauliwa kabisa. Wale wa kwenye video wanarekodiwa jua likizama. Hapa kwetu, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri linasimama wima utosini, na miezi mingine halisogei mbali. Mama watoto alichagua rangi ya kahawa iliyokolea kwa sababu "haionyeshi uchafu". Ubao wa rangi hiyo ukipigwa na jua unaweza kupita nyuzi 60. Slabu tuliyokuwa nayo ilikuwa mbaya kwa sura lakini mtu aliikanyaga. Sasa binti akitaka kupanda mchana kuangalia tangi, anaanza kwa kutafuta viatu.

Halafu ukuta wa pembeni. Ulikuwa unanifika kiunoni. Sakafu imepanda juu, ukuta haukupanda, na sasa mgeni akiegemea nashika shati lake. Nimemwita mchomeleaji aje aongeze reli za chuma, ifike angalau mita moja na sentimita kumi, kwa sababu nina wajukuu wawili wasiojua kutembea, wanajua kukimbia tu. Mchomeleaji amesema atatoboa ukuta. Ukuta atoboe.

Juu ya hayo nilidai jambo moja la mwisho, na kwa hilo nilichekwa na kila mtu. Nilitaka mlango mdogo wa kufunguka juu ya bomba la maji. Mbao hizi zimebanwa kwa klipu zilizofichwa, moja inaushikilia ubao na jirani yake. Huwezi kung'oa ubao wa katikati ukaurudisha, unaanza na ule wa ukingoni unakuja nao mmoja mmoja. Fundi alisema mlango unaharibu urembo. Mama watoto akamuunga mkono. Basi masika yakaingia, kunguru wa mtaa wakafanya kazi yao ya kuleta mifupa na vichwa vya dagaa, majani ya mwembe wa jirani yakajazia, bomba likaziba, na maji yakasimama chini ya sakafu yakitazamana na shuka la lami. Fundi alirudi. Alianza kung'oa kutoka ukingoni, safu kwa safu, jasho linamtoka, mpaka akafika bombani. Humo alikuta soksi, kijiko chetu cha chai na funguo za gari la shemeji, ambazo kwa kupotea kwake shemeji alishamlaumu kijana wa kuosha magari. Mlango umewekwa. Ni mzuri, na nimemlipa mara ya pili.

Mama mkwe amekuja kunywa chai. Alikaa dakika chache akasema juu kuna upepo mwingi, bora sebuleni.

Kwa hiyo nyote mnaonipigia simu mkiulizia dekingi, mnakaribishwa kuiona. Msije kabla ya saa kumi na moja jioni. Mje na ndala, funguo na sarafu mziache mezani huku chini, msiegemee ukuta mpaka mchomeleaji amalize. Na kama mnakusudia kuweka kwenu, siku fundi atakapofika, mpokeeni drili getini mmkabidhi chai.