Namna ya Kusahihisha Kopi Jumamosi Usiku na Kupokea Komunyo Jumapili Asubuhi

Mwongozo huu ni wa mwalimu Mkristo anayefundisha uandishi katika chuo chochote cha Kasongo au Kabambare, mwenye rundo la kopi, yaani kazi za wanafunzi za kusahihishwa, mezani na Misa kesho yake. Vifaa ni hivi: biki nyekundu, biki nyeusi, taa ya sola iliyoshinda juani, na tumbo lililoshiba. Hili la mwisho si dogo. Mwalimu mwenye njaa huona makosa hata mahali pasipo kosa. Kula bukari na sombe kwanza, ndipo ufungue kopi.

Kabla ya kopi ya kwanza, sali. Sala iwe fupi, maana kopi ni nyingi. Mwombe Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, mtawa na mwalimu mwenzetu, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Mwambie akuombee macho ya kumwona mtu nyuma ya mwandiko mbaya. Kijana aliyetoka Wamaza kwa pikipiki, katika tope la msimu wa mvua, akaandika insha yake kwa mwanga wa simu, ameleta kwako kitu kilichomgharimu. Ishike karatasi yake ukijua hivyo.

Ukifika katikati ya rundo utachoka. Kila insha itafanana na iliyotangulia, na utajiuliza kwa nini hukuchagua kulima mpunga. Hapo mkumbuke Mtakatifu Agustino, Mwafrika wa Thagaste na mwalimu wa ufasaha kabla ya kubatizwa mwaka 387. Alipofundisha Roma aliwakuta wanafunzi wanaokula njama wamhame mwalimu siku ya kulipa. Baadaye aliungama kwamba aliwachukia, na kwamba chuki yenyewe ilitokana zaidi na hasara yake kuliko ubaya wa tendo lao. Basi, karo isipokuja, dai karo kwa wenye kuhusika. Usiidai kwa biki nyekundu. Aliyenunua silabusi yako, yaani kitini cha somo, na asiyenunua wapimwe kwa kipimo kimoja.

Agustino huyohuyo, karibu na mwaka 400, alimwandikia shemasi Deogratias wa Karthago, aliyelalamika kwamba kufundisha mambo yaleyale kunamchosha. Akamjibu kwamba anayemtembeza rafiki mgeni mahali pazuri, ambapo mwenyewe hupita kila siku bila kutazama, hupaona upya kwa macho ya mgeni wake. Nami nasadiki hivyo. Wewe umeeleza maana ya aya kwa miaka. Binti wa mwaka wa kwanza anaisikia leo. Furaha yake ya kuelewa ni yako pia, ukikubali kuipokea.

Sasa tufike kwenye TFC, ile kazi ndefu ya kumalizia masomo, maana hapa imani inapimwa kuliko kanisani. Fungua ukurasa wa kutabaruku. Mungu Mwenyezi anashukuriwa kwanza, halafu baba, mama, shangazi aliyeuza mafuta ya mawese ili karo ipatikane, wajomba, na marafiki wote wa kidato kwa majina. Ukurasa huo huwa umeandikwa vizuri ajabu. Una uhai na sauti ya mtu. Kisha sura ya kwanza inaanza, na ghafla anasema mtu mwingine, profesa wa mbali, kwa Kifaransa kisicho na kosa hata moja. Maneno hayo yamenakiliwa.

Usimfukuze. Mwite, mketishe, mfungulie ukurasa ule wa shukrani, umuulize: je, Mungu uliyemshukuru hapa alikuwa bado yupo ulipofika ukurasa wa kumi? Msubiri ajibu. Kisha mrudishe akaandike upya, hata kama atachelewa mwaka. Kunyamaza ni kumwibia yeye, na kuwaibia watoto atakaowafundisha kesho. Mwonyeshe pia njia: asimulie sura nzima kwa Kiswahili kwanza, kama anavyosimulia barazani kwao, ndipo aihamishie katika Kifaransa cha chuo. Wengi wao hunakili kwa kuogopa lugha. Fikra wanazo.

Interro, yaani jaribio la darasani, usiiweke Ijumaa mchana. Uislamu umekaa Kasongo tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, kabla Wabelgiji hawajauteka mji mwaka 1893 na kabla ya misheni kufunguliwa. Wanafunzi wako Waislamu wana swala yao, na Mkristo anayetaka Jumapili yake iheshimiwe ailinde na Ijumaa ya jirani.

Kuhusu jogoo ambaye mzazi humletea mwalimu kama zawadi. Akiletwa kabla pointi hazijatangazwa, mrudishe kwa upole, ukimshukuru mama aliyembeba, maana mara nyingi anaamini hiyo ni adabu. Akiletwa baada ya diploma kutolewa, mpokee, mpike, umwalike aliyemleta mle pamoja.

Jambo la mwisho kabla ya kulala: pitia ulichoandika pembeni. Kama umeandika kwenye kopi ya mtu kwamba kazi yake ni takataka, kumbuka agizo la Injili ya Mathayo la kuiacha sadaka mbele ya altare na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Ndugu huyo ni pamoja na yule wa kiti cha nyuma aliyepata nne juu ya ishirini. Futa neno lile kwa biki nyeusi. Nne ibaki nne, kwa sababu huruma haidanganyi. Lakini iandikie chini sababu zake, na jambo moja alilolifanya vizuri, kwa maneno ambayo mama yake angeweza kusomewa.

Kisha zirudishe kopi zote Jumatatu. Walimu wenzangu, tusikae nazo hadi muhula uishe. Mwanafunzi asiyerudishiwa kopi yake hajafundishwa.