Chupa ya 847

Desemba huwarudisha wana wa Karagwe na Kyerwa kutoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja hutaka kushuka na kitu ambacho jirani hajakiona. Jirani yetu alishuka na jenereta. Mimi nilishuka na bia nyeusi.

Haikuwa bia ya hivi hivi, tuelewane. Ilikuwa toleo maalumu: kizibo kimezungushiwa nta nyekundu, shingoni kikadi cha namba, chupa ya 847 kati ya 3,000. Muuzaji wa Dar es Salaam alininong'oneza, kama dalali wa kiwanja chenye kesi, kwamba ikiisha imeisha. Nikalipa shilingi 28,000. Sisi Wanyambo huwacheka ndugu zetu Wahaya kwa unshomile, yaani majigambo, lakini siku ile ungenikuta dukani ungeapa nimezaliwa kwao Kamachumu.

Zaidi ya kilomita 1,000 niliipakata kama mtoto mwenye surua. Begi la nguo lilikwenda kwenye buti. Bia ilikaa mapajani. Tukapita Kyaka, tukapanda milima, na pale Omurushaka nikachukua bodaboda kwenda Nkwenda. Mashimo ya njia ile yalimaliza kazi ambayo kiwanda hakikuikusudia.

Nyumbani nilimkuta baba mkubwa na wazee wenzake wawili, kibuyu katikati.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini?"

Nta ilikataa kutoka kwa kucha, ikakataa kwa kisu, ikakubali kwa panga. Kizibo kiliruka, na nusu ya toleo maalumu ikaishia kwenye shati langu la Krismasi. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, wageni wajue haina sumu. Nikaonja. Sumu haikuwemo. Yalikuwemo maji ya kusuuzia sufuria ya kahawa, yaliyochujwa kwa jivu. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo.

"Wameandikaje hapo?" akauliza baba mkubwa.

Nikasoma kwa fahari: harufu ya kahawa iliyokaangwa na, kwa mbali, ladha ya ndizi mbivu.

Kimya. Mbele yetu kulikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Nyuma ya nyumba mibuni ilikuwa imejipanga chini ya migomba hadi kijiani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "umepanda basi kutoka Dar kutuletea sisi kahawa na ndizi?"

Akanywa funda moja, akalishikilia shavuni, akalimeza kwa ajili ya udugu tu. "Mpishi aliunguza mtama, akaona hasara kumwaga."

Nikaeleza kwamba si mtama, ni shayiri, na kwamba weusi ule hutokana na kuikaanga hadi ikaribie mkaa.

"Si ndivyo nilivyosema?"

Hapo sikuwa na la kujibu, kwa sababu mtama anaujua. Rubisi yake huanza na ndizi zilizoivishwa siku kadhaa, zikamenywa na kukanyagwa kwa miguu pamoja na majani makavu ndani ya mtumbwi wa mti. Juisi ikichujwa, humwagiwa mtama uliokaangwa ukasagwa, mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya mgomba. Kesho yake ni pombe, keshokutwa imekaza, mtondo inaelekea kuwa siki. Mtumbwi wa wiki hii haufanani na wa wiki ijayo. Ukiisha umeisha kweli, na hakuna anayenong'ona.

Sikuwa mgeni wa kwanza kukwama nchi hii. Wasafiri wa Kizungu, Speke na Grant, walipokelewa na Mukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861; Speke akaendelea na safari, Grant akabaki miezi akiuguza mguu. Mimi nilibaki wiki mbili nikiuguza jina, maana kijiji kizima kilikuwa kinaniita "Mtama Ulioungua".

Mama mkubwa pekee ndiye aliyesifu: chupa nzuri, nene, haivunjiki ovyo. Leo anawekea mafuta ya taa, na kikadi cha 847 bado kinaning'inia shingoni.

Nawe unayefunga safari ya Krismasi kwenda kwetu, usihangaike na nta nyekundu. Beba sukari na sabuni. Kinywaji utakikuta.