Jinsi ya Kuunda Ujumbe wa Nile Usiopatana na Mtu

Hongera, Mheshimiwa! Umeteuliwa kuongoza ujumbe wa nchi yako kwenye mazungumzo ya maji ya Nile. Hofu yako naijua: usije ukarudi na mkataba, ukaanza kuulizwa habari za utekelezaji. Tulia. Dawa yote imo kwenye orodha ya majina.

1. Chukua watu wa fani moja. Wahandisi watupu wanafaa, watabishana kuhusu mita za ujazo hadi usiku wa manane. Wanasheria watupu wanafaa zaidi. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulijadiliwa kwa zaidi ya miaka 10, ukakwama kwenye kifungu cha 14(b), kinachohusu usalama wa maji. Mwishowe kilisogezwa kwenye kiambatisho, na Mei 2010 nchi 4 zikatia saini Entebbe, bila Misri wala Sudan. Basi usimlete mtu wa kuuliza, “Usalama huo ni mita za ujazo ngapi?”

2. Mwache nje mwenye maji. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana mto: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mmoja, bilioni 18.5 kwa mwingine. Ethiopia, yanakotoka takriban asilimia 85 ya maji hayo, haikuwepo. Mezani hakukuwa na wa kupinga kwa niaba yake! Ni kweli, mwaka 2011 Ethiopia ilianza kujenga bwawa lake kubwa, likazinduliwa 2025. Lakini kufikia hapo waliosaini walikuwa wameshastaafu zamani.

3. Weka mwanamke mmoja, wa picha. Pichani akae mbele, kikaoni akae nyuma, aandike muhtasari. Akiwa bingwa wa haidrolojia, mwongezee jukumu la chai. Zaidi ya yote, asizoeane na wenzake wa upande wa pili. Watakuja kupigiana simu, na wanaopigiana simu huishia kuelewana.

4. Mkulima na mvuvi wabaki nyumbani. Hawajui itifaki. Atasimama mmoja aulize, “Ukame ukija miaka 3 mfululizo, tutafunguliwa maji kiasi gani?” Swali hilo hilo limezigonganisha Addis Ababa, Cairo na Khartoum kwa miaka. Likiulizwa mapema, mnaweza kulijibu, nawe utaumbuka.

5. Ogopa mchanganyiko. Usidanganywe kwamba watu wa namna mbalimbali hupendana. Mhandisi, mwanasheria, mama wa shamba na kijana wa mazingira watagombana kabla hata ya kufika uwanja wa ndege. Balaa liko hapo. Wakishagombana wao kwa wao, wanafika mezani wakijua ni kipi hakiguswi na ni kipi wanaweza kuachia. Ujumbe wako wa watu wa sare moja haujui cha kuachia, kwa hiyo hauachii kitu. Wananchi watauita uzalendo.

6. Funga kwa tamko. Sema mazungumzo yalikuwa “ya kirafiki na ya wazi”, pigeni picha, pangeni tarehe nyingine. Ukiulizwa matokeo, taja tarehe hiyo. Mkataba ukisainiwa, Mheshimiwa, posho ya kikao kijacho ataisaini nani?