Mashine Inayotaka Kuhama

Diani watu hulipa pesa nyingi kusikiliza mawimbi. Wapangaji wa Ukunda hupata ngurumo bure: mashine ya kufulia ya jirani ikifika hatua ya kukamua, pipa lake huzunguka mara elfu moja na zaidi kwa dakika, na vikombe kabatini vikaanza kucheza sengenya.

Mashine mara nyingi haina kosa. Hutoka kiwandani pipa lake likiwa limefungwa kwa bolti ndefu upande wa nyuma, lisiumie safarini. Aliyesoma kijitabu cha maelekezo (kama yupo) huzitoa kabla ya kufua. Aliyekitupa pamoja na katoni huishi na tetemeko kila Jumamosi, kisha humsingizia mbega kuwa ndiye anayeruka juu ya mabati.

Tiba zilizobaki ni za senti chache. Iwekwe pimamaji juu, miguu izungushwe hadi mashine itulie sawasawa. Blanketi zito lisifuliwe peke yake, maana hujikusanya upande mmoja. Chini viwekwe vipande vya mpira wa tairi. Fundi wa akala anavyo tele.

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 35 tu usiku katika makazi, na usiku wao huanza baada ya saa 2. Bibi wa Msambweni na beseni lake hajawahi kuzivunja.

Na bolti zile zisiuzwe kwa chuma chakavu. Siku ya kuhama zitarudishwa mahali pake.