Fundi wa Upepo

Gari lenyewe sikulichagua. Shemeji yangu ana hisa kwenye duara moja, yaani shimo la dhahabu, upande wa Nyarugusu, na kwa muda mrefu duara hilo lilikuwa likila hela tu bila kutoa kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea wachimbaji dagaa na mchele kambini kwa mali kauli. Siku lilipotema, shemeji akaenda kuuza kwenye lile soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mjini mwaka 2019, na kabla sisi wadai hatujapata habari, hela ilishageuka Subaru Forester ya tabo kutoka Japani. Duara likakauka. Deni halikukauka. Basi asubuhi moja Forester ikaegeshwa mbele ya banda langu la samaki hapa Nkome, shemeji akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili kama anayetoa mahari, tukawa hatudaiani.

"Ina kakasoro kamoja tu," alisema akiwa ameshapanda bodaboda ya kuondokea. "Ukiikanyaga sana, inakohoa."

Kwenye kilima cha kwanza cha njia ya Nzera nikajua inakohoaje. Nilikanyaga mafuta, ukaanza mluzi mwembamba, ukafuata moshi mweusi, na bodaboda iliyokuwa nyuma yangu ikatoweka pamoja na abiria wake. Kisha nguvu ikakatika. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mkaa alinifikia, akanipita, akageuka. "Mwangaluka, bosi," akanisalimia kwa heshima zote, akaendelea kupanda.

Nkome hatuna shida ya mafundi. Mji unaoishi kwa injini za mitumbwi, bodaboda, mashine za kusaga na Noah za abiria hauwezi kukosa mtu wa kushika spana. Shida ni kujua umwamini nani. Mimi nina kipimo changu cha awali: nasikiliza fundi ananiitaje kabla hajafungua boneti. Akiniita "kaka", bei ni ya mtaani. Akiniita "mzee", ameongeza kidogo kwa ajili ya mvi. Akianza na "bosi wangu", hapo huwa nakumbuka kwamba nimeacha maji jikoni. Kipimo hiki kimenisaidia kwa pikipiki na kwa jokofu. Kwa tabo hakikusaidia hata kidogo, maana kwa kuliona lile tundu la hewa juu ya boneti, wote waliniita bosi wangu.

Wa kwanza ni fundi anayeheshimika, yuko chini ya mwembe karibu na stendi. Alisema niwashe. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaikita kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Watoto wakanyamaza. Nisimwonee: njia hiyo ni ya kweli, chuma kinabeba sauti, na fundi mwenye sikio zuri anaweza kukuonyesha beringi iliyokufa bila kufungua nati hata moja. Alipofumbua macho uso ulikuwa wa msiba.

"Inanoki. Injini ishuke."

Ila sikio lake lilikulia kwenye injini za Toyota, ambazo silinda zake zimesimama kwenye mstari. Za Subaru zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zinapigana ngumi za ubavuni, na ngurumo yake haifanani na ya Noah hata ikiwa mpya. Alichokisikia kilikuwa lafudhi, yeye akadhani ni ugonjwa. Nilimuuliza kama amewahi kushusha injini ya namna hii. Akajibu kwamba injini ni injini. Nikamshukuru, "wabeja sana", nikaondoka taratibu ili moshi usimfikie.

Wa pili ni fundi wa injini za mitumbwi pale mwaloni, na katika kazi yake sijaona mwenzake. Mtu akizimikiwa usiku kule visiwani, ndiye anayepigiwa simu, naye anamwelekeza kwa simu hadi injini inawaka. Alizunguka Forester mara kadhaa, akanusa eksozi, akauliza swali moja: "Oili unachanganya kiasi gani?"

"Oili ya injini ipo kwenye injini, fundi."

"Naulizia ya kwenye petroli."

Injini nyingi za mitumbwi yetu ni za mipigo miwili. Hazina bakuli la oili, kwa hiyo oili inapitia humohumo kwenye petroli. Ukiisahau, injini inasagika. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba hii Subaru tangu itoke Japani inakunywa petroli kavu, alitikisa kichwa kwa huruma, na nilipogeuka kupokea simu ya mteja alikuwa amefungua kifuniko cha tanki, chupa ya oili mkononi. Nilimwahi. Sijui ningemweleza nini mke wangu, mama Kulwa, ambaye tangu mwanzo alitaka deni lilipwe kwa ng'ombe.

Hapo niseme neno kuhusu petroli, maana kwa gari la tabo ndiyo nusu ya ugomvi. Hewa ikisukumwa kwa nguvu ndani ya silinda inapata joto, na petroli dhaifu inajiwakia kabla ya zamu yake. Huko ndiko kunoki kwa kweli, na kunatoboa pistoni. Kule Japani gari kama hili linajaziwa petroli ya oktani 100. Oili ukiichanganya humo, unazidi kuidhoofisha. Sisi tuliozoea kununua kwenye vidumu kando ya njia tunaongezewa na historia yetu: miaka ile ya kuchakachua, mafuta ya taa yalipokuwa ya bei poa, yaliingia kwenye kila tanki, mpaka serikali ikayapandishia kodi mwaka 2011 ili wachakachuaji wakose faida. Walichokosa ni faida hiyo. Ubunifu wanao bado.

Wa tatu, kijana wa simu, ndiye aliyenipa matumaini. Alikuja na kidude cha ukubwa wa kibiriti, akakichomeka chini ya usukani, simu ikaanza kuongea na gari. Ikasema mchanganyiko ni mzito, petroli imezidi hewa. Nataka niwe mkweli: simu ilisema kweli tupu. Lakini kijana alipoulizwa kwa nini imezidi, alibonyeza kitu, taa ya cheki injini ikazimika, akanyoosha mkono apewe hela yake.

"Imepona?"

"Taa si imezima, bosi wangu?"

Ilizima hadi Nzera. Niliporudi kwa malalamiko alinipa moyo kwamba Subaru haifi, imeshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na tena mwaka 2000. Ni kweli, Colin McRae na kisha Richard Burns. Mimi nikamkumbusha kwamba wale walikuwa na helikopta angani na mafundi wanaowasubiri njiani, na mimi nina yeye. Akacheka, akanipigia hesabu ya kusoma mara ya pili.

Binafsi, ukinitajia Subaru na Safari, ninayoikumbuka ni ile Vivio ya mwaka 1993. Kigari kidogo, injini ya cc 660, nusu lita ya maziwa na ziada, lakini kilikuwa na supachaja. Patrick Njiru wa Kenya alikifikisha mwisho, nafasi ya 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake, wakati McRae mwenyewe, aliyekuwa na Vivio kama hiyo, alikwama njiani. Kigari cha kwenda nacho sokoni, kimemaliza njia zile! Supachaja na tabo ni ndugu wa baba mmoja: zote zinashindilia hewa kwenye injini. Supachaja inazungushwa na mkanda wa injini yenyewe, tabo inazungushwa na moshi unaotoka. Na sisi wa huku hewa ya ziada tunaihitaji kuliko watu wa Dar es Salaam, maana Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa imeshapungua uzito kabla haijafika puani.

Kuna na wa nne, aliyetaka kutoa thamostati "kwa sababu huku ni joto." Huyo tumwache.

Aliyenitoa hapo hakuwa fundi wa magari. Alikuja bandani kununua sangara wa kambi, kijana mkimya, buti zina udongo mwekundu wa Rwamgasa. Kazi yake ni blowa na kompresa za mashimoni. Blowa ndiyo inayopuliza hewa kwenye bomba hadi walipo wachimbaji huko chini. Ikizubaa, watu wanapandishwa haraka. Alikuwa anahesabu chenji nilipoiwasha Forester, nikaikanyaga kuisogeza kivulini. Akainua kichwa.

"Kaka, huo mluzi unaanza kabla ya moshi au baada?"

Nilimtazama. Kwanza ameniita kaka. Pili ameuliza.

"Kabla."

"Na ukiikanyaga polepole?"

"Hamna mluzi, hamna moshi."

"Upepo unatoroka," akasema, akarudi kwenye chenji yake.

Ilibidi nimbembeleze. "Magari siyajui," alisema, "naweza kuangalia njia ya hewa tu." Akaomba kipande cha bomba la plastiki na mfuniko wake, tyubu mbovu ya baiskeli, sabuni ya unga, brashi na pampu ya mguu. Brashi ilikuwa ile tunayopakia rangi mitumbwi. Tyubu nitaomba isiulizwe ilitoka wapi. Mtoto wa jirani anaamini iliibwa.

Alikata ile valvu ya tyubu pamoja na mpira wake, akatoboa mfuniko, akaipachika. Akafungua bomba la hewa pale linapotoka kwenye chujio, akaziba kwa kile kifaa chake, akakaza klipu. Akaniweka mimi kwenye pampu. Injini imezimwa, hakuna kelele, mimi nasukuma, yeye anapaka povu kwenye kila kiungo: mdomo wa tabo, kona ya kwanza, kona ya pili, hadi kwenye intakula, ile rejeta ndogo ya kupozea hewa iliyo chini ya tundu la boneti. Tulitoa humo kwanza magamba ya samaki na gunzi la mahindi. Watoto walikuwa wamelipatia lile tundu matumizi. Kisha kwenye mpira mmoja, upande wa chini ambako jicho halifiki, povu likaanza kuchemka lenyewe. Linajaa, linapasuka, linajaa tena. Akapitisha kidole, akakitoa na kipande cha utepe wa bluu.

Ule utepe naujua. Ndio shemeji anaofungia nyaya za taa kambini.

Mpira ulikuwa umepasuka urefu wa kidole cha mwisho, na mtu alishaufunga kwa utepe, akausokotea waya badala ya klipu, akasema inakohoa. Mambo yote yakaeleweka kwa mkupuo. Kompyuta ya gari inapima hewa inapoingia mlangoni, inamwaga petroli ya kuitosha. Tabo ikianza kushindilia, ufa unafunguka, hewa inatorokea njiani huku ikipiga mluzi, petroli inafika silinda haina mwenzake, inatoka moshi. Simu ya yule kijana ilisema ukweli huohuo. Ilikosa mtu wa kuiuliza swali la pili.

Akafunga kipande cha mpira wa kompresa kwa muda. "Huu unabeba presha ya kuchoronga mwamba," akasema, "ya kwako hii ni ya kitoto." Mpira wenyewe niliagiza Mwanza, ukapakiwa kwenye basi asubuhi, ukavuka daraja la Kigongo hadi Busisi, lile la kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025, nikaupokea siku hiyohiyo. Enzi za kusubiri kivuko ungelala njiani.

Baadaye nilisoma kwamba babu wa supachaja alitokea kazini kwake yule kijana. Mwaka 1860 huko Indiana, Marekani, ndugu wawili wa ukoo wa Roots walipata hataza ya mashine ya kusukuma hewa, ikatumika kupuliza tanuri za chuma na kupeleka hewa migodini. Magari yaliikuta iko kazini zamani. Nilimpigia simu kumweleza, nikidhani atashangaa.

"Sasa watu wa chini walikuwa wanavuta nini?" akauliza.

Forester sasa inapanda kile kilima kiasi kwamba mama Kulwa ameacha kutaja ng'ombe. Fundi wa bisibisi anawaambia watu kwamba aligundua tatizo mapema ila nikakosa subira. Kijana wa simu naye anasema ni yeye, na kwa kiasi fulani ana haki. Mimi nikamwomba kijana wa blowa basi awe fundi wangu wa moja kwa moja, maana mkanda wa taiming nao umezeeka, na kwenye injini hii ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Akakataa. Yeye ni wa upepo. Mkanda hajawahi kuugusa, na hawezi kujifunzia kwenye gari langu.

"Nimpe nani?"

Alifikiri kidogo. "Yule wa mitumbwi pale mwaloni. Nimemwona anavyofungua injini, ana mkono safi, hapotezi nati. Kitabu cha gari mpe asome kwanza, atafuata." Akanyamaza, akaongeza: "Ila usimruhusu akaribie tanki."