Ugomvi wa Bei ya Mchicha

Kesi ya kwanza ya bustani duniani haikupata mtu wa kukiri. Adamu aliulizwa kama amekula tunda alilokatazwa. Akamtaja mke, tena kwa namna ya kumgusia na Yule aliyempa huyo mke. Mke akamtaja nyoka. Nyoka hakuulizwa kitu, na hata angeulizwa, hakuwa na mwenzi wa kumsingizia. Tangu siku hiyo utaratibu haujabadilika sana. Mvua za kwanza za masika zikishatua, nyuma ya nyumba, kati ya karo la kufulia na banda la kuku, husikika sauti ikiuliza, "Nani kang'oa mchicha wangu?" Baba atamtaja mtoto, mtoto atawataja kuku, na kuku, kama nyoka, hawana wa kumtaja. Wenye busara wakiyaona haya hushauri eneo lote limwagiwe zege ili nyumba ipate amani. Mimi nasema tuta libaki. Kila ndoa, na hasa ile iliyofungwa kwa kiapo cha mpaka kifo, inahitaji mahali pa kugombana kwa bei nafuu, na mpaka sasa sijaona bei iliyo chini ya ile ya mchicha.

Tuanze na majira, maana hayakuja kwa bahati. Huko Ulaya Pasaka huangukia majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka na miti ikirudisha majani. Hata neno la Waingereza la kuitaja Kwaresima limetokana na neno lao la kale la majira hayo. Sisi hatuna theluji ya kuyeyuka, ila tuna masika. Kwa hesabu ya makanisa ya Magharibi, Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo haitangulii 22 Machi wala haivuki 25 Aprili. Mwaka 2024 iliangukia 31 Machi, mwaka 2025 ikasogea hadi 20 Aprili. Masika nayo, sehemu nyingi za Tanzania na Kenya, huanza Machi na kuishia Mei. Kanisa na mawingu, bila kuitisha kikao, vimekubaliana kwamba muda wa toba uwe muda wa jembe. Tena makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo waliooana Desemba kwa matarumbeta hujikuta Machi hawana harusi ya kwenda, hawana kamati ya kuchangia, wanatazamana wao wawili na kiwanja kilicholowa. Semina ya ndoa iliwafundisha bajeti na mawasiliano. Matangazo yalisomwa Jumapili tatu ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakuna hata mmoja aliyesimama kusema, "Mchungaji, huyu bwana hajui mchicha na nyasi."

Na kujua mchicha si jambo dogo. Chuchumaa kando ya tuta moja, lenye urefu wa mkeka, uliangalie kwa karibu. Mbegu za mchicha ni ndogo mno kupandwa moja moja. Huchanganywa na mchanga, zikamwagwa kwenye vijifereji. Baada ya siku chache hutokeza vijani viwili viwili. Wakati huohuo, bila kualikwa, hutokeza na mchicha pori, ule wa miiba, ambao mwanzoni hufanana na ndugu yake kama mapacha siku ya ubatizo. Miiba yenyewe hujitokeza baadaye, pale jani linapoungana na shina, ikiwa imeshachelewa kumsaidia mtu yeyote. Sasa mkabidhi palizi mwanamume aliyeamka Jumamosi akiwa na nia njema, kitu cha hatari kuliko panga. Ataondoa kila kilichoota nje ya mstari. Kisha ataona mstari wenyewe umesongamana, aupunguze. Hatimaye atabakiza miche michache aliyoichagua kwa unene na afya, yote ikiwa ya miiba, halafu atamwita mama watoto aje aone kazi. Katika Injili ya Mathayo mwenye shamba anawazuia watumishi wake wasing'oe magugu, wasije wakaondoka na ngano. Wahubiri hulieleza fumbo hilo kwa habari ya siku ya mwisho, nao wako sahihi. Lakini mwanamke aliyewahi kumkabidhi mumewe tuta hahitaji kungoja mpaka siku hiyo ili alielewe.

Wala kosa si la upofu tu. Mara nyingi ni la malezi. Mgagani kwa aliyelelewa nao ni mboga ya heshima, huungwa kwa karanga na kuwekewa wageni. Kwa ambaye kwao haukuliwa ni jani linalonuka lililojiotea kando ya mtaro. Akiufyeka, kwa mawazo yake kasafisha, na kwa mawazo ya mwenzake kafyeka ukoo mzima. Mchaichai nao umekufa mara nyingi kwa kosa la kufanana na nyasi. Usidhani lakini kwamba lawama zote ni za upande mmoja. Baba ndiye huleta samadi ingali na joto la zizi na kuirundika mashinani siku hiyohiyo, ilhali samadi mbichi huunguza miche na hutaka kuachwa ioze kwanza; ila mama ndiye huwafungulia kuku "wanyooshe miguu kidogo tu", na ndiye aliyependa picha ya nyanya kwenye pakiti akazipanda katikati ya mvua, mpaka bakajani ikazivisha madoa meusi kabla hazijaiva. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, ila aliyekuza ni Mungu. Ni mgawanyo mzuri wa kazi, lakini zingatia kwamba Paulo na Apolo hawakuwa wameoana. Wangekuwa mke na mume, jioni Paulo angeuliza kwa nini ndoo nzima imemwagwa na hali wingu lilikuwa linaonekana.

Hapo ndipo penye faida. Ugomvi wa bustani una sifa tatu ambazo ugomvi mwingine wa nyumbani hauna. Kwanza, ushahidi uko juu ya ardhi. Katika ugomvi wa "siku hizi hunisikilizi" hakuna kielelezo cha kuweka mezani. Katika ugomvi wa mchicha, maiti zimelala pale pale, mizizi juu. Pili, hasara inahesabika: pakiti moja ya mbegu na asubuhi moja ya jasho. Hakuna aliyeuza kiwanja kwa siri, hakuna aliyechukua mkopo bila kumwambia mwenzake. Tatu, toba yake ina tarehe. Mchicha uliosiwa leo huwa tayari kuliwa baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo aliyekosa huiona fidia yake ikichipua, na aliyekosewa huila. Kosa gani jingine la ndoa linalorudi mezani likiwa limeungwa kwa nazi? Watu waliozoea kukosana na kupatana juu ya jambo la kiasi hicho, wakija kufikishwa mbele ya jambo zito, la ada ya shule au la kumuuguza mzazi, wanajua njia ya kurudiana iko wapi, kwa kuwa wameshaipita mara nyingi wakiwa na matope miguuni.

Mwenye kalamu ya hesabu atasema: fungu la mchicha kwenye genge ni pesa ndogo, na ukijumlisha jembe, mbegu, samadi, maji na dawa ya mgongo, huo wa nyumbani ni wa dhahabu. Hesabu yake ni sahihi na simbishii hata senti. Amekosea safu tu. Ameiandika bustani kwenye chakula, wakati mahali pake ni kwenye matibabu. Semina ya ndoa ina kiingilio, chakula cha mchana, na mtoa mada anayetamka "mawasiliano" mara arobaini. Tuta halina kiingilio, na mada yake hujitoa yenyewe kila asubuhi. Ukishaiweka kwenye safu yake, mchicha unaotoka ni chenji.

Pingamizi zito zaidi ni la kiimani. Nyumba ya Kikristo, huambiwa, ni nyumba ya mapatano. Kwa nini basi tuingize nyumbani chanzo kingine cha maneno? Jibu lake limo katika Biblia hiyohiyo. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, kinasimulia habari za mke na mume walioelewana kabisa juu ya bustani ya mboga. Mume alilitamani shamba la mizabibu la jirani yake, lililokuwa karibu na nyumba yake, alifanye bustani. Aliponyimwa, alijilaza kitandani, akageuza uso, akagoma kula, kama ambavyo wanaume wamekuwa wakigoma kula mpaka leo. Mke hakumbishia. Hakumuuliza kama bustani waliyonayo imepaliliwa. Alimfariji, akamwahidi, akalishughulikia jambo mwenyewe. Walikuwa Ahabu na Yezebeli, na mapatano yao yalimtoa roho Nabothi. Laiti siku ile Yezebeli angemgombeza mumewe kidogo, akamwambia aache mali ya watu, jirani angepona. Wagombanao ndio wapatanao, walisema wahenga, na wasiogombana kabisa yafaa majirani wawaangalie.

Naharakisha kuweka mpaka hapa, ili mtu asije akaificha fimbo nyuma ya jembe. Ugomvi ninaoutetea ni wa maneno, kati ya watu wawili wasioogopana. Pakiwa na kipigo au vitisho, dawa yake si mbegu. Ni wazee, ni kanisa, ni dawati la jinsia polisi, tena mapema. Tuta la mchicha hutibu mafua ya ndoa. Halitibu mfupa uliovunjika.

Atatokea pia mcha Mungu wa kusema kwamba Kwaresima ni ya kufunga na kusali, si ya kuhangaikia viwavi. Lakini bustani imejaa Kwaresima kuliko anavyodhani. Jumatano ya Majivu anapakwa jivu kwenye paji la uso akumbushwe kwamba ni mavumbi. Alhamisi jivu la jikoni analinyunyiza kwenye miche kuwazuia wadudu, na kama hakukumbuka vizuri kanisani atakumbuka akiwa amepiga magoti kwenye tope. Jina Kwaresima lenyewe asili yake ni Kilatini, lina arobaini ndani yake. Mwarobaini nao una arobaini yake, ya magonjwa unaosifiwa kuyatibu, na majani yake yakitwangwa na kulowekwa hunyunyizwa kufukuza wadudu. Vyote viwili ni vichungu na vyote viwili husafisha. Ukiongeza na siku za mwizi, ambazo nazo ni arobaini, utaona hata konokono anayekula matembele usiku ana sababu ya kutubu. Tena hesabu zinaafiki: kutoka Jumatano ya Majivu hadi Pasaka ni siku 46 ukihesabu na Jumapili, hivyo mchicha uliosiwa siku ile huweza kuchumwa kabla ya Jumapili ya Matawi. Hata aliyeung'oa wote katika wiki ya kwanza ana muda wa kusia upya na kula pilau ya Pasaka na kachumbari, kukiwa na mboga pembeni na heshima imerudi.

Amebaki mpangaji wa chumba na sebule, anayesema hana ardhi. Ana gunia. Lijaze udongo na samadi iliyooza, litoboe ubavuni, panda sukuma wiki kuanzia chini mpaka juu. Wanandoa hawahitaji ekari ili wakosane; gunia moja mbele ya mlango lina pande za kutosha, mmoja akitaka liwe juani na mwenzake akitaka lisizibe njia. Asiye na gunia ana ndoo iliyopasuka, na aliyeipasua hajajitaja.

Turudi kwenye kesi tuliyoanza nayo, ile iliyoharibikia bustanini kwa kutajana. Injili ya Yohana inaeleza kwamba kaburi la Yesu lilikuwa bustanini, na kwamba asubuhi ya Pasaka Maria Magdalena alimwona aliyefufuka akamdhania kuwa ni mtunza bustani. Kama kuna kosa la bustani lililostahili somo refu, ni hilo. Hakupewa somo. Aliitwa kwa jina lake tu, akageuka, akafahamu. Katika nyumba zetu jina hilo kwa kawaida ni Baba Neema au Mama Neema, na kila aliyeoa au kuolewa anajua lina sauti mbili: ile ya kuitia kesi na ile ya kuitia chakula. Basi mchicha ukikutwa umelala mizizi juu na mkosaji amesimama kando akilitazama jembe kana kwamba ndilo lililoamka mapema, jaribuni kutumia ile ya pili. Mbegu zimebaki nusu pakiti, na mvua bado ipo mpaka Mei.