Vichwa vya Mawe, Nyuso za Karatasi

Katika miji ya kale ya Ulaya, mafundi walichonga vichwa vya mawe juu ya kuta za makanisa, na baadhi yavyo vilikuwa midomo ya mifereji, yaani sanamu zilizotema maji ya mvua mbali na ukuta ili jengo lisiharibike, kazi ambayo si kila mheshimiwa anayetazama watu kutoka ukutani anaweza kujivunia. Mafundi wa Lamu na Unguja, kwa kufuata desturi ya Kiislamu ya kuepuka sura za viumbe hai, walichonga maua na minyororo milangoni. Wajerumani ndio waliosimamisha Dar es Salaam, mwaka 1909, sanamu ya gavana Hermann von Wissmann, yeye akiwa juu na askari Mwafrika akimtazama kutoka chini. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 wakaweka Sanamu ya Askari, safari hii bila bwana juu yake.

Mbali na Dar es Salaam, Mtendeli, eneo la wilaya ya Kibondo ya zamani magharibi mwa Tanzania ambako kambi ya wakimbizi wa Burundi ilifunguliwa mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021, haina kichwa cha jiwe hata kimoja, kwani hema halijengewi kumbukumbu. Nyuso za ukutani katika nyanda hizo ni za wagombea, zilizobandikwa kwa gundi, ambazo huendelea kutabasamu baada ya kura kuhesabiwa, wala hazitemi hata tone la maji. Wissmann, aliyehamishiwa Hamburg, aliangushwa na wanafunzi mwaka 1968. Wagombea wa Kibondo huangushwa na mvua, bila maandamano.